Mji wa watu 740: kwa nini Greensburg haikuachwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Greensburg, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, ni mji wenye wakazi wasiofikia 1,000, na kwamba mwaka 2007 tonado iliubomoa karibu wote kabla ya wenyewe kuujenga upya. Naomba kuelewa mambo mawili. Makazi madogo kiasi hicho yanaitwaje mji? Na kwa nini watu wale hawakuchukua fedha zao za bima wakahamia kwingine?

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako la kwanza lina jibu fupi. Katika jimbo la Kansas makazi hayapewi hadhi ya mji kwa wingi wa watu, bali kwa kusajiliwa kisheria kuwa yenye kujitawala, na yakishasajiliwa huwa na uongozi wake wa kuchaguliwa, hata kama wakazi wote wangeenea katika ukumbi mmoja. Zaidi ya hayo, Greensburg ni makao makuu ya Kaunti ya Kiowa. Mahakama na hospitali ya kaunti ziko pale, kwa hiyo mkulima wa ngano anayeishi mbali na mji naye ni mtu wa Greensburg kwa shughuli zake nyingi.

Swali la pili ndilo lenye uzito. Usiku wa Ijumaa, tarehe 4 Mei 2007, tonado yenye upana wa takriban kilomita 2.7, yaani pana kuliko mji wenyewe, ilipita juu ya Greensburg kwa upepo uliokadiriwa kufikia kilomita 330 kwa saa. Ving'ora vilikuwa vimelia dakika zipatazo 20 kabla, na watu wengi wakawahi kuingia katika vyumba vilivyochimbwa chini ya nyumba zao. Bila onyo hilo msiba ungekuwa mkubwa mara nyingi zaidi. Hata hivyo, watu zaidi ya kumi walipoteza maisha, na asilimia 95 hivi ya majengo yaliharibiwa. Kulipokucha, jengo la mahakama na ghala refu la nafaka yalikuwa miongoni mwa machache yaliyosimama.

Jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka, na ambalo kwangu ndilo ufunguo wa habari yote, ni kwamba mji huo ulikuwa ukipungua hata kabla ya upepo kuja. Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu wakazi 1,574. Mashine kubwa za kilimo zilikuwa zimepunguza haja ya mikono shambani, na vijana waliokwenda vyuoni walikuwa hawarudi. Kwa hiyo watu walipokutana chini ya hema katika majuma yaliyofuata, baadhi yao wakiwa bado wamevaa nguo za kupewa, nyumba hazikuwa hoja yao ya pekee. Ilibidi wajiulize ni mji wa namna gani ambao mtoto wao angetaka kurudi kuishi ndani yake.

Jibu walilofikia liliwashangaza wengi. Mwezi Desemba 2007 baraza la mji liliamua kwamba majengo makubwa ya umma yajengwe kwa kiwango cha platinamu cha mfumo wa LEED, ambacho ndicho cha juu kabisa katika kupima ujenzi unaotunza nishati na maji. Hawa walikuwa wakulima na wafugaji wa eneo lenye siasa za kihafidhina, ambako maneno ya utunzaji wa mazingira yalikuwa yakisikilizwa kwa mashaka. Bob Dixson, aliyekuwa meya kuanzia mwaka 2008, alikuwa akiwaeleza kwamba kutunza ardhi na kutotupa ovyo kitu chenye manufaa ni desturi waliyorithi kwa wazee wao, na naamini alisema kweli, kwa maana watu wanaoishi kwa mvua ya msimu na maji ya chini ya ardhi hawahitaji kufundishwa thamani ya tone. Fahari kuu ya mji huo, kabla na baada ya msiba, ni kisima kilichochimbwa kwa mikono mwaka 1887 na 1888, chenye kina cha mita 33 na upana wa mita kumi hivi, kilichowapa wakazi maji hadi mwaka 1932. Kisima kilisalimika, na jumba jipya la makumbusho lililojengwa juu yake lilifunguliwa mwaka 2012.

Mengine yalifuata kwa awamu. Watoto walisoma katika madarasa ya muda hadi shule mpya ilipokamilika mwaka 2010, hospitali ikajengwa upya, na nje ya mji ikasimikwa mitambo kumi ya upepo yenye uwezo wa megawati 12.5, unaozidi sana mahitaji ya mji. Upepo uleule uliowaangamiza sasa unawazalishia umeme.

Hata hivyo, si kweli kwamba hakuna aliyehama, na nisingependa ubaki na picha hiyo. Sensa ya mwaka 2010 ilikuta watu 777, yaani nusu tu ya wale wa mwaka 2000, na ile ya mwaka 2020 ikakuta 740. Wazee wengi waliokuwa wakiishi katika nyumba za zamani zilizokwisha kulipiwa walikuta kwamba fidia ya bima haitoshi kujenga mpya, na katika umri wao hawakuona sababu ya kuanza kukopa, nawaelewa kabisa. Lakini kati ya mwaka 2010 na 2020 idadi ilipungua kwa watu 37 tu, na shule, ambayo ikifungwa katika mji wa namna hii familia changa huondoka nayo, ingali wazi na inapokea pia watoto wa makazi ya jirani.