Barua kwa Mwanangu: Fedha za Kwenda Kongamanoni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini. Unauliza kama ni haki kuomba ufadhili wa kuhudhuria kongamano la jiokemia (kemia ya miamba na ardhi) la Goldschmidt, katika kikao cha namna mbale, yaani mawe yenye madini, zinavyoundika, ilhali fedha hizo zingetosha kupima sampuli zako nyingine za mwamba wa dhahabu wa Geita, na makala za wenzako unazisoma mtandaoni.

Ni haki kabisa. Makala hukupa hitimisho la mtu, lakini mara nyingi haikuambii alipokwama. Dhahabu ya Geita, kama ujuavyo, ililetwa na maji ya moto yaliyoibeba ikiwa imeshikamana na salfa. Maji hayo yalipoingia katika mwamba wenye chuma kingi, salfa iliungana na chuma ikawa pairaiti, nayo dhahabu ikakosa cha kuibeba na kubaki pale pale. Sasa, zile punje za pairaiti ulizonionyesha, zenye kiini cha namna moja na ukingo wa namna nyingine, je, ni kazi ya maji ya kipindi kimoja au viwili? Sampuli kumi zaidi hazitakujibu peke yake. Inafaa usimame kongamanoni kando ya bango la utafiti wako, aje mtu aliyekesha na dhahabu ya Australia Magharibi au Kanada, aweke kidole kwenye ukingo huo na kukuuliza umejuaje kuwa ni wa baadaye. Na huenda huyo huyo ndiye mwenye mtambo wa leza wa kuupima. Linaniuma kuona mbale za kwetu zikijadiliwa ugenini bila kijana wetu hata mmoja chumbani.

Ila uangalie namna ufadhili unavyolipwa. Ukikuta unatakiwa kutumia zako kwanza ndipo urudishiwe kwa stakabadhi, huo umewekwa kwa ajili ya mwenye akiba. Kongamano likiwa Ulaya, ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za huko, pekee ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ukinyimwa. Bado bima, tiketi na nauli ya kwenda ubalozini. Waandikie waandalizi bila kuona haya, uwaombe walipe usajili na tiketi moja kwa moja, na barua ya mwaliko waitoe mara ikisiri yako, yaani muhtasari wa utafiti, itakapokubaliwa, kwa sababu miadi ya viza huchelewa.

Ikisiri yenyewe nitumie kabla ya kuiwasilisha, pamoja na picha za zile punje.

Mama yako