Anti, dawati la michezo linanimaliza na mchumba kasema nichague

Marahaba mwanangu. Barua yako ndefu nimeisoma yote, ngoja niifupishe ili na wengine waelewe. Huyu binti ana miaka 28, yuko Dar, mwandishi wa michezo kwenye gazeti la kila siku, mwaka wa tatu huu anaitwa korespondenti, yaani hajaajiriwa rasmi, analipwa kwa stori ila ofisini yupo siku sita na wiki nyingine zote saba. Anatoka saa 6 usiku, saa 3 asubuhi awe kwenye kikao cha kupitia gazeti. Wapinzani wakiwa na stori ambayo wao hawana, mhariri wake anamporomoshea matusi kwenye grupu la WhatsApp watu wote wanaona. Mchumba naye kachoka, kasema chagua, mimi au gazeti. Anauliza aache kazi?

Usiache kwanza. Halafu naona umeweka kila kitu kwenye kapu moja, usiku, matusi, mkataba, mchumba, wakati kuna uchovu ambao ni wa kazi yenyewe na kuna uchovu ambao watu wamekuongezea tu.

Usiku ni wa kazi, hapo sitakudanganya. Mechi ya uwanja wa Mkapa ikianza saa 1 usiku, filimbi ya mwisho inalia karibu saa 3 na kiwandani kwenye uchapaji wanasubiri kurasa. Ligi ya Mabingwa Ulaya ndo usiseme, saa 4 au saa 5 usiku kwa saa zetu, kutegemea wenzetu wa huko wamezungusha saa zao au bado. Unakumbuka Juni 3, 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga wanashinda 1-0 kule Algiers na kombe bado linaenda kwa USM Alger kwa bao la ugenini? Usiku kama ule mhariri gani angekuruhusu uondoke saa 2 ukapike? Na ile dabi ya Simba na Yanga ya Machi 8, 2025 iliyoahirishwa siku ileile ya mechi, mtu mwenye kurasa nzima za dabi anafanyaje kama sio kupiga kelele na kuanza upya. Kwa hiyo bosi akifoka saa 3 usiku ukurasa umechelewa mie namsamehe, ni presha. Ila matusi ya saa 4 asubuhi, ameshalala, ameshakunywa chai, hiyo ni tabia yake na wala haihusiani na dedilaini.

Sasa hayo ya kuongezewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, ukimaliza kazi upate saa 12 za kupumzika kabla ya kuanza tena, na kila wiki upate saa 24 mfululizo za kwako. Wewe saa 6 usiku mpaka saa 3 asubuhi ni saa tisa, humo humo upande bodaboda, uoge, ulale, urudi tena kwenye foleni. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku mpaka 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa, ovataim nayo ni mara moja na nusu. Najua utaniambia Anti mimi sina mshahara mimi korespondenti. Hapo ndipo wanapowapigia wengi! Kuna sheria nyingine ya mwaka huohuo, ya Taasisi za Kazi, inasema kama mtu anakupangia muda na namna ya kufanya kazi, au umemfanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, au unamtegemea yeye tu kwa kipato, basi unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe kwamba sivyo. Moja tu kati ya hizo inatosha. Wewe unazo zote, na jina lako lipo kwenye rota ya dawati!

Kwa hiyo kusanya ushahidi kimyakimya, picha za rota, meseji za kukuita kazini, malipo yaliyoingia kwenye simu, na hayo matusi usiyafute. Halafu omba kuonana na bosi mkiwa wawili, siku isiyo na mechi, Jumanne asubuhi hivi, sio Jumamosi watu wanahangaika na matokeo. Usianze na vifungu vya sheria, ataona umekuja na wakili. Anza na vitu vidogo: aliyefunga kurasa usiku asiitwe kikao cha saa 3, siku zako za mapumziko, ofu, ziandikwe kwenye rota, gari la kuwashusha wa zamu ya usiku. Mkataba uombe kwa barua, nakala HR, yaani idara ya wafanyakazi. Wakikutimua kwa hilo, CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unatakiwa uwe umefika ndani ya siku 30, usikae nyumbani unalia miezi mitatu halafu ndo uniandikie.

Ile "nauli", yaani hela wanayokupa viongozi wa timu, uliyoigusa kwa mstari mmoja, acha kupokea. Najua ofisi haikupi hata ya daladala, ila siku wachezaji hawajalipwa mishahara utaiandika vipi?

Haya, mchumba. Mimi sijui kinachomuuma ni nini, na kwa barua yako naona hata wewe hujui. Kama ni hofu ya wewe kupanda bodaboda saa 6 usiku basi ana haki, na hilo gari likipatikana limeisha. Kama ni upweke, siku mbili za ofu zinasaidia. Ila kama kinachomuuma ni wewe kukaa uwanjani na wanaume, jina lako kuonekana gazetini, dada zake kuuliza ni mwanamke gani huyu anarudi usiku, hapo hata uhamie dawati la mapishi atapata lingine la kusema. Dawa ni moja, pata hizo ofu kwanza, kaa naye miezi miwili uone kama kelele zinapungua. Na umwambie wazi kwamba neno chagua hulipendi, mtu anayetaka kukuoa akae na wewe mpange, asikupe masharti kama vile yeye ndo bosi wa pili.

Umesema mahari inaletwa mwezi ujao. Ongea na mjomba wako leo, aombe isogezwe mpaka hiyo miezi miwili ipite.