CDN umeiunganisha, sawa, ila picha zinatoka wapi?

Wadau mnaotengenezea watu websaiti hapa Tanga, kuunganisha stoo ya klaudi (pale mafaili yanapohifadhiwa mtandaoni) na CDN (mtandao wa seva zinazoshika kopi za mafaili karibu na anaefungua) siku hizi sio kazi kubwa, video za kuelekeza zimejaa, ila kwenye kazi nyingi ninazoitiwa kurekebisha nakuta vimeunganishwa na CDN haina inachofanya, picha bado zinatoka Ulaya na bili inapanda vilevile. Mtu akiona pale pameandikwa imewashwa basi anafunga laptop. Naomba usifunge mpaka umepima, na upime kwa simu yenye laini ya hapahapa.

Chukulia mpiga picha mmoja wa harusi niliyemsaidia, yuko Ngamiani. Akimaliza kazi anapandisha albamu kwenye stoo afu anatupia linki kwenye grupu la ukoo, na harusi za huku mnazijua, nusu ya ukoo uko Tanga, wengine Mombasa, wengine Muscat, na wote wanafungua usiku uleule. Piga hesabu, picha 400 za MB 5 kila moja ni GB 2 kwa mtu mmoja anaeangalia albamu nzima, wakiwa watu 60 hiyo ni GB 120 kwa harusi moja tu. Amazon S3, stoo ya klaudi ya Amazon, wanakupa GB 100 za data ya kutoka bure kwa mwezi, baada ya hapo kwa stoo za Marekani na Ulaya ni kama dola 0.09 kila GB. Harusi moja haiumi, ila zile wiki za kuelekea Ramadhani ambapo harusi zinafuatana kila wikiendi ndo utaujua moto wake.

Sasa kwake nilikuta kurasa zinapita CDN vizuri kabisa, lakini linki za picha zenyewe ni zile za baketi (sehemu yako ndani ya stoo) moja kwa moja. Yaani vile vinavyokula data ndo vimeachwa nje. Kwahiyo kitu cha kwanza ni kuufunga mlango wa baketi, isiwe ya umma, CDN peke yake ndo iruhusiwe kusoma. Kama uko S3 na CloudFront (CDN ya Amazon) kuna kitu kinaitwa OAC, ndo kinachoiruhusu CloudFront peke yake kusoma, unakiwasha afu unabandika ile polisi (kanuni ya ruhusa) wanayokupa kwenye baketi, na data inayotoka S3 kwenda CloudFront hawakuchaji. Kama uko R2, stoo ya Cloudflare ambao wana na CDN yao, unaunganisha domeini yako na ile anuani ya r2.dev unaizima, ile ni ya majaribio tu na wanaibania spidi. R2 kutoa data ni bure, na GB 10 za kuhifadhi kila mwezi ni bure pia, kwa wateja wetu wadogo mi naanzia hapo. Ukishaufunga mlango, linki yoyote ya zamani uliyoisahau itajionyesha yenyewe kwasababu picha itagoma kufunguka, na hapo ndo unapopata kazi ya kusafisha, usiogope, ni bora igome mbele yako kuliko mbele ya mteja.

Cha pili nakisisitiza mno kwa sie wa huku. CloudFront wana setingi ya daraja la bei, na ile ya rahisi kabisa, 100, haitumii vituo vya Afrika, iko Marekani ya Kaskazini na Ulaya. Unaichagua ukidhani umebana matumizi, kumbe mtu wa Chumbageni anaenda kuchukua picha Ulaya, milisekunde 150 na zaidi kwenda na kurudi kabla hata picha haijaanza kushuka. Weka 200, hapo Kenya na Afrika Kusini zimo. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini nchi nzima intaneti ikayumba, siku kama zile kopi iliyoko jirani haina haja ya kuvuka bahari kumfikia mtu wako.

Kupima sasa. Weka Termux (app ya kuandika amri) kwenye simu ya Android, andika curl -sI afu linki ya picha, uisome ile heda (maelezo seva inayotuma pamoja na faili) taratibu. CloudFront wanaandika X-Cache, Cloudflare wanaandika CF-Cache-Status, ukirudia mara ya pili unataka uone Hit, yaani picha imetoka kwenye kopi ya CDN. Afu angalia X-Amz-Cf-Pop au mwisho wa CF-RAY, pale kuna kodi, herufi tatu za uwanja wa ndege ulio karibu na kituo kilichokujibu: DAR ni Dar es Salaam, NBO Nairobi, MBA Mombasa, FRA ni Frankfurt. Jaribu kwa laini za mitandao tofauti maana kila kampuni ya simu ina njia yake, laini moja inaweza kukupeleka Nairobi na nyingine ikakutoa nje ya bara kabisa.

Ukiona Miss kila mara, yaani CDN haikuwa na kopi, inaweza kuwa ni heda ya Cache-Control, ile inayosema kopi ishikwe muda gani, faili limeandikwa no-cache. Iweke sawa wakati wa kupandisha, sio baadae. Au linki zina mkia wa alama ya kuuliza unaobadilika kila mtu anapofungua na CDN inahesabu kila mkia ni faili jipya. Nembo na faili za CSS zipe mwaka mzima, max-age=31536000 (hizo ni sekunde), na ukibadilisha badilisha na jina la faili.

Picha za watu ni habari nyingine na hapa nawaomba sana muwe makini. Familia ikipiga simu kwamba ile picha ya bibi harusi bila mtandio itoke, kuifuta kwenye stoo hakutoshi, kopi inabaki kwenye CDN mpaka muda wake uishe, lazima uingie uifute na huko (CloudFront njia 1,000 za kwanza kwa mwezi hawakulipishi). Na ile iliyobaki kwenye brauza za watu huna uwezo nayo kabisa. Ndo maana albamu za familia mi naweka max-age=600, s-maxage=2592000, brauza inashika dakika 10 tu, CDN inashika siku 30, bili inabaki chini na ukifuta inafutika kweli. Na linki za albamu ziwe za kusainiwa, zenye mwisho wa muda, na huo mwisho mwambie mteja mapema ili ukoo wa Muscat wazipakue kabla haujafika.