Laki nane, gramafoni ya begi na santuri za marehemu mzee: mimi ningefanya hivi

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu. Una gramafoni ya begi, ile inayofungwa kama sanduku la safari na spika zake mbili humo humo. Umerithi santuri za marehemu mzee wako zipatazo 120, nyingi zile ndogo za 45 za bendi za dansi, kubwa kadhaa za 33, na chache nzito za 78 zilizokuwa za babu (namba hizo ni mizunguko kwa dakika). Umejikusanyia laki nane, na unauliza ununue seti mpya nzima au ubadilishe kitu kimoja kimoja. Halafu ukagusia kwa kupita tu kwamba stoo kuna amplifaya ya mzee na spika zake "za kizamani". Hapo ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti.

Mimi ni mtu wa Magomeni, napiga santuri tangu 2009, na miaka minne ya mwanzo nilichofanya ni kutupa pesa. Si fundi. Nitakueleza nilipoumia, wewe upite pembeni.

La kwanza halina mjadala: hiyo gramafoni ya begi isiguse tena santuri za mzee. Nyingi za aina hiyo zina kartriji (kile kichwa kinachoshika sindano) ya kauri inayokandamiza santuri kwa gramu 5 mpaka 6, na huna mahali pa kupunguza. Kartriji nzuri ya sumaku inatosheka na gramu 2. Santuri zenyewe zimeshacheza kwenye arusi na ubarikio wa miaka ya sabini kwa sindano butu, hazina mfereji wa akiba. Begi mpe mtoto ajifunzie na santuri za sokoni.

Sasa nikusimulie mkenge wangu mkubwa, maana naona na wewe umepiga picha mashine moja ya Marekani inayouzwa bei poa. Shemeji yangu aliniletea gramafoni kutoka huko, nzuri, ya mbao, bado inang'aa. Ya volti 120. Nikasema hilo dogo, nikaenda Kariakoo nikanunua transfoma ya kushusha 230 kuwa 120, nikachomeka. Haikuungua, haikutoa moshi. Nikaweka santuri ya Morogoro Jazz niliyokuwa naijua kwa moyo, na Mbaraka Mwinshehe akaanza kuimba kama mtu aliyeamshwa saa nane za usiku. Gitaa la solo linakokota miguu. Nikasema mkanda umelegea. Nikatafuta mkanda wiki tatu, nikaufunga, vilevile. Nikampa fundi, akaweka oili, akanirudishia na bili, vilevile. Nyumbani wakaanza kusema labda santuri ndiyo iko hivyo!

Mzee mmoja, fundi redio wa zamani, ndiye aliyeniuliza swali moja tu: "Hertz ngapi?" Hertz ni mara ambazo umeme unageuka kwa sekunde: wa Marekani ni 60, wetu 50. Mota ya aina ile inafuata hertz, haifuati volti, na transfoma inabadilisha volti tu, hertz haizigusi. Kwa hiyo sinia, ile sahani inayobeba santuri, lililotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika lilikuwa linazunguka chini ya mara 28. Ndiyo maana wimbo ulishuka nusu toni tatu na ushee. Dawa ilikuwa kuchonga puli nyingine, kile kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda, kubwa kidogo. Sikuipata. Mashine ile leo ni pambo, juu yake kuna chombo cha maua.

Kwa hiyo popote utakapoona mtumba, igeuze usome kile kibati cha nyuma kabla hujauliza bei. Ya Japani inaweza kuwa volti 100, hiyo ukiichomeka ukutani hapa unaiua papo hapo. Zile ambazo mota yake inatumia umeme wa DC, yaani kama wa betri, pamoja na nyingi ambazo mota inazungusha sinia moja kwa moja bila mkanda, hazijali hertz, unashughulika na volti peke yake. Na usiondoke na mashine bila kuipima. Bandika kijikaratasi cheupe ukingoni mwa sinia, washa kwenye 33, shika simu yenye saa. Mizunguko 100 ichukue dakika 3 kamili. Ikichukua 3 na nusu, mwachie mwenyewe.

Kuna mdau hapo juu amekwambia nunua gramafoni ya Technics SL-1200 ulale usingizi. Ni kweli, ni chuma: ya kwanza ilitoka 1972, Mk2 ikaja 1979, wakaacha kuzitengeneza 2010, wakarudi 2016. Ila kwa laki nane, nzima, yenye mkono usiotikisika? Mdau, ukiipata niambie na mimi.

Mwingine kasema chukua Audio-Technica AT-LP60X mpya. Si mashine mbaya, na kwa mtu anayeanza na sifuri ningemwambia sawa. Shida yake ni kwamba huwezi kubadilisha kartriji wala kurekebisha uzito, unabadilisha sindano tu. Umefika mwisho wa reli siku ileile uliyoinunua, na wewe una santuri za aina tatu.

Niliyo nayo sasa niliipata Upanga, kwa familia iliyokuwa inahama na kugawa vitu vya babu yao. Ya Japani, ya miaka ya themanini mwanzoni, haina mkanda, na nyuma ina swichi ya kuchagua volti. Waliomba laki tano, tukaishia 350,000 kwa sababu haikuwa na kartriji wala mfuniko. Watu wa mikanda watanishambulia, waje tu. Mpira na joto la Dar havipatani: mkanda unalegea au unakauka, na mtaani si kitu unachopata kwa kushuka daladala. Ukiishi London, nunua ya mkanda ufurahi.

Kartriji niliagiza Audio-Technica VM95E, nikaletewa na mtu aliyekuwa anasafiri. Pamoja na asante yake ilinitoka kama 210,000. Kilichonivuta ni kwamba mwili wa kartriji za VM95 ni mmoja, sindano unachomoa na kuchomeka kama meno bandia. Kuna sindano ya ncha ya mviringo, kuna ya yai kama hii yangu, kuna za bei ghali zenye ncha nyembamba sana, na kuna SP ambayo ni ya santuri za 78. Watengenezaji wanasema ya mviringo inadumu saa 500, ya yai 300. Mimi naandika saa zangu kwenye daftari la shule. Mke wangu ananicheka, lakini najua lini ya kubadilisha.

Utaniuliza kwa nini nimechukua ya yai na inaisha upesi. Sikiliza wimbo wa mwisho kwenye santuri yoyote kubwa, ule wa karibu na karatasi ya katikati. Mara nyingi "s" zinapasuka na tarumbeta zinakwaruza. Sababu ni kwamba sinia linazunguka kwa mwendo uleule, lakini ukingoni mfereji unapita chini ya sindano kwa karibu sentimita 50 kila sekunde, na kule ndani ni kama 20 tu. Muziki uleule umesongamana kwenye njia fupi, ncha nene haiingii kwenye kona. Kwa 45 zako ya mviringo ingetosha. Zile kubwa za mzee ndizo zitakushukuru kwa ya yai.

Na hili ni la bure kabisa. Nyingi ya 45 nilizo nazo za dansi ni za mono, yaani sauti moja kwa spika zote mbili, si stereo yenye kushoto na kulia. Amplifaya za zamani zina kitufe kimeandikwa MONO, kibonyeze. Sindano ya stereo inasoma mitikisiko ya pembeni na ya juu-chini, na kwenye santuri ya mono muziki wote uko pembeni. Juu-chini kumebaki vumbi na mikwaruzo tu. Kitufe kile kinaifuta sehemu hiyo. Siku niliyokigundua nilirudia santuri moja ya NUTA Jazz mara nne, nikidhani nimeiosha vizuri kumbe sikuwa nimeiosha.

Turudi kwenye amplifaya ya stoo. Itoe, ipanguse vumbi, tazama nyuma kama kuna matundu yaliyoandikwa PHONO na kijiskrubu pembeni kimeandikwa GND. Kama yapo, mzee wako kakuachia laki na nusu nyingine. Kartriji ya sumaku inatoa kama milivolti 4, wakati tundu la AUX, lile la kuchomekea simu au redio, linategemea milivolti mia kadhaa. Tena santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na trebo imeongezwa, kwa kipimo kinachoitwa RIAA, ili mfereji usitanuke na kelele zifunikwe. Tundu la PHONO linakuza sauti na kurudisha besi mahali pake. Mimi nilichomeka AUX mwezi mzima, muziki unalia kama nzi ndani ya chupa, nikailaumu kartriji. Kama halipo, utahitaji kisanduku cha fono, kinauzwa peke yake.

Usiiwashe kwanza, lakini. Kitu kilichokaa stoo Dar miaka kumi kina ukungu, mijusi na kapasita zilizokauka. Mpe fundi aifungue, asafishe swichi na vitufe vya sauti, apime ndipo awashe. Yangu ilinila 40,000. Spika nazo bonyeza ukingo kwa kidole, taratibu: kama ni sponji na inamegeka kama keki ya jana, zinavalishwa ukingo mpya, hazitupwi. Na ule waya mwembamba unaotoka kwenye gramafoni ufunge kwenye GND, la sivyo utasikiliza mvumo wa umeme kuliko wimbo.

Mahali pa kuiweka. Watu wa Ulaya wanalalamika sakafu zao za mbao zinarusha sindano mtu akipita. Sisi tuna saruji, hilo tumesamehewa. Kosa letu ni kabati moja: gramafoni juu, spika pembeni yake, besi inarudi kwenye sindano na nyumba nzima inaanza kunguruma. Mimi nilimpa fundi wa Keko vipimo, akanitengenezea rafu ya mkuruti, nikaifunga ukutani kwenye tofali, mbali na spika. Ipime kwa pima maji. Na isikae chini ya pangaboi, maana vumbi lote la barabarani linatua pale.

Uzito wa sindano usiubahatishe. Nilinunua kimizani cha masonara, kile kidogo kinachosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, 25,000. VM95E inataka kati ya 1.8 na 2.2, weka 2. Watu wanaogopa wanaweka nyepesi, kumbe sindano inayoelea ndiyo inayopigapiga kuta za mfereji na kuziharibu.

Kuosha: kama kwenu mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, usiyatumie, yanakauka na kuacha unga mweupe ndani ya mifereji. Mimi nakinga ya mvua ya masika baada ya bati kuoshwa vizuri, nachuja kwa kitambaa, naongeza tone la sabuni ya vyombo, nasuuza kwa maji yaleyale bila sabuni. Zile za 78 za babu usiziguse na spiriti kamwe. Si plastiki ile, ni utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, na spiriti inauyeyusha. Wala usizipige kwa sindano ya kawaida: mfereji wake ni mpana zaidi kwa mbali, sindano ndogo inazama mpaka chini kwenye uchafu. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurekodi kwenye sahani za namna hiyo, kwa hiyo kabla hujazisogeza soma kwanza majina kwenye karatasi zake, huenda unayo mali.

Ukijumlisha yangu: mashine 350,000, kartriji 210,000, amplifaya 40,000, ukingo wa spika 60,000, kimizani 25,000, rafu 50,000. Hiyo ni 735,000. Inayobaki usiinunulie nyaya za dhahabu atakazokutajia mtu wa dukani; iweke, uongezee kidogo, uagize sindano ya SP kwa ajili ya babu.

Kesho mchana kukiwa na mwanga toa ile amplifaya nje, piga picha ya nyuma yote mpaka kibati cha volti, uiweke hapa. Mashine usilipie hata senti kabla hatujaiona.