Kabla ya kufundisha misimu, pima kivuli

Mwalimu mwenzangu unayeanza kufundisha jiografia, ukifika kwenye misimu usikimbilie kuchora ubaoni. Waulize kwanza wanafunzi kwa nini kuna miezi ya joto na miezi ya baridi. Wengi watasema dunia hulikaribia jua, kisha hulikimbia. Usiwakatize. Waambie kwamba dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Mbona basi Januari Ulaya wanatetemeka? Nyamaza, waache wabishane.

Hapo ndipo utoe chungwa, kijiti cha mshikaki na taa. Kijiti ni mhimili, kiinamishe nyuzi 23.5. Miaka yangu ya mwanzo nilikizungusha kijiti kikielekea taa kila upande niliofika, na wanafunzi wakatoka wanaamini dunia huyumbayumba. Bado naumia nikikumbuka. Chagua kona moja ya dari. Kijiti kiielekee hiyo hiyo mzunguko mzima. Watajionea wenyewe: upande huu wa taa nusu ya kaskazini imeinamia mwanga, na huo ndio Juni, upande wa pili ni zamu ya kusini, Desemba.

Lakini somo lenyewe liko nje. Simika fimbo ya mita moja, upime kivuli cha mchana kinapokuwa kifupi kabisa. Dar es Salaam, mwishoni mwa Juni hulala kusini, karibu sentimita 58. Mwishoni mwa Desemba hulala kaskazini, sentimita 30 hivi. Mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba jua huwa utosini, kivuli hakuna. Mtu wa London hafikiwi na jua la utosi hata siku moja.

Kutoka hapo ingia kwenye masika na vuli: ukanda wa mvua hulifuata jua, likipanda kaskazini na likirudi kusini, ila huchelewa nyuma yake kidogo. Misimu minne ya Ulaya ije baadaye. Kuianza hiyo ni kumfundisha mtoto mbingu asiyoiona.

Juni na Desemba shule hufungwa, kwa hiyo wape kazi ya likizo. Aliyekwenda Songea hurudi na kivuli cha Juni kirefu kuliko cha aliyekwenda Mwanza, na swali la latitudo wanalileta wenyewe.