Mgongo Ukiuma, Uende kwa Nani?

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na kila Idi inapokaribia, oda zikirundikana, kiuno na bega la kulia huanza kunisumbua. Nimekandwa, nimeumikwa kwa vikombe vinavyovuta ngozi, nimefanyishwa mazoezi. Mafundi wenzangu wakiniuliza waende wapi, huwa nawauliza kwanza maumivu yao ni ya namna gani.

Kuna maumivu yasiyofaa kupelekwa kwa mkandaji wa aina yoyote. Ukihisi ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, miguu yote miwili ikalegea, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa, jasho la usiku na kukonda nayo ni ya daktari, kwa sababu kifua kikuu hakikai kifuani peke yake. Hushambulia na uti wa mgongo. Mgongo wa namna hiyo ukikandwa, ugonjwa unaendelea kula mfupa huku mgonjwa akisubiri nafuu.

Misuli iliyokaza kwa kubeba au kuinama ni jambo jingine. Hapo mama anayejua kuchua kwa mafuta ya nazi na kitambaa cha moto anatosha kabisa kuanzia. Nafuu yake ni ya kweli, ila kwangu haidumu, maana kesho yake narudi kuinamia cherehani vilevile.

Iliyonifaa zaidi ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, ambayo wengi huku wanaiona ni ya waliopata kiharusi au kuvunjika. Mtaalamu aliniuliza maswali mengi kabla ya kunigusa: yanauma zaidi asubuhi au jioni, yanashuka mguuni, nikikohoa inakuwaje, kiti changu kina urefu gani. Akanilaza chali akaninyanyua mguu ukiwa umenyooka, akagonga goti kwa nyundo ndogo. Kunikanda kwenyewe kulikuwa kwa muda mfupi. Kazi kubwa ilikuwa mazoezi ya kufanya nyumbani, ya kuimarisha tumbo na makalio, pamoja na kuinua kiti na kuacha kukaa mfululizo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, nao unataja mazoezi, elimu kwa mgonjwa, masaji na tiba ya kusukuma uti wa mgongo kwa mikono. Mikanda ya kiuno, ile inayouzwa kila duka la dawa, haipendekezwi humo kama tiba ya kawaida.

Siku hizi vijana wanaulizia kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma viungo vya mgongo na shingo kwa mikono, kwa sababu ya video wanazoziona. Tiba hiyo ilianzishwa Marekani mwaka 1895 na Daniel David Palmer, na huku kwetu waliosomea ni wachache. Ule mlio wa "ko!" unaosikika kiungo kikisukumwa ni gesi ndani ya maji ya kiungo, haimaanishi mfupa umerudi mahali pake. Mgongo wangu ningempa mtu aliyesoma kazi hiyo. Shingo siruhusu izungushwe kwa ghafla na yeyote, kinyozi akiwemo, kwa kuwa mshipa wa damu unaweza kuchanika na kuleta kiharusi. Hutokea mara chache, lakini ikitokea ni balaa. Wazee wenye mifupa iliyodhoofika wasijaribu.

Kuhusu kuumikwa, mimi hupata wepesi wa bega kwa muda. Kama ngozi inachanjwa, wembe ufunguliwe mbele ya macho yako na vikombe viwe safi, maana homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupita kwenye damu. Ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usichanjwe kabla hujamwona daktari wako.

Kwa yeyote utakayemchagua, mwulize siku ya kwanza anadhani tatizo ni nini, atafanya nini, na wewe ufanye nini nyumbani. Akitaka ulipie mahudhurio ya miezi kadhaa kabla hajakupima, ondoka. Na wiki chache zikipita bila badiliko lolote, mwambie waziwazi, akupeleke kwa mwingine.