Chipsi, Mafuta na Ahadi za McDonald's

SWALI: Mhariri, ninaishi Minneapolis, Marekani, na wanangu wanapenda mno chipsi za McDonald's. Kila kampuni hiyo inapolaumiwa kuhusu afya ya wateja, hutangaza kwamba imeondoa kitu fulani kwenye chakula chake. Je, niyaamini matangazo hayo?

JIBU: Ndugu msomaji, tangazo laweza kuwa la kweli neno kwa neno na bado lisiwe na faida kubwa kwa afya ya wanao. Chipsi hizo hizo zinatosha kuwa mfano. Hadi mwaka 1990, nchini Marekani zilikaangwa kwa mafuta yaliyotokana hasa na shahamu ya ng'ombe. Phil Sokolof, mfanyabiashara wa Omaha, Nebraska, ambaye aliwahi kupatwa na mshtuko wa moyo, alitumia fedha zake mwenyewe kununua kurasa nzima za magazeti na kuishutumu kampuni kwamba vyakula vyake vimezidi mafuta. Kampuni ilianza kwa kupinga shutuma hizo, lakini mwezi Julai mwaka huo ikatangaza kwamba inahamia mafuta ya mimea.

Tatizo ni kwamba mafuta hayo ya mimea yalikuwa yameongezewa hidrojeni kiwandani ili yastahimili moto na yasichache upesi, na kazi hiyo huzalisha mafuta ya transi, ambayo huongeza lehemu mbaya katika damu na kupunguza ile nzuri. Kwa haki, wakati huo hata wanaharakati wengi wa lishe waliyaona kuwa afadhali kuliko shahamu. Utafiti wa Uholanzi ulioonyesha madhara yake ulichapishwa mwezi Agosti 1990, baada ya tangazo kwisha kutolewa. Ninachoilaumu kampuni ni mwenendo wake wa baadaye. Mwezi Septemba 2002 iliahidi kwamba ifikapo Februari 2003 itakuwa imepunguza mafuta ya transi. Tarehe ikapita bila ahadi kutimizwa, ikashtakiwa kwa kutowaarifu wateja ipasavyo, na mwaka 2005 ikakubali kulipa dola milioni 8.5, ambapo milioni 7 kati ya hizo zilikwenda kwa Shirika la Moyo la Marekani. Chipsi zake nchini humo zilikamilisha kuachana na mafuta hayo mwaka 2008.

Jambo jingine, hasa kwa wasomaji wetu wanaochunga halali: hata baada ya shahamu kuondolewa, chipsi za Marekani ziliendelea kutiwa ladha inayotokana na nyama ya ng'ombe, na Wahindu pamoja na watu wasiokula nyama waliposhtaki, kampuni iliomba radhi na mwaka 2002 ikakubali kutoa dola milioni 10.

Kwa hiyo, ukisikia kwamba kitu kimeondolewa, uliza kimewekwa nini mahali pake, na kuanzia lini. Uliza pia kuhusu kipimo, kwa maana gramu moja ya mafuta, yawe ya ng'ombe au ya mimea, hutoa kalori zipatazo 9, na kubadili aina ya mafuta hakupunguzi hata moja. Tangu mwaka 2012 McDonald's huandika kalori kwenye mbao za bei katika migahawa yake ya Marekani. Nakushauri usome namba hizo kabla ya kusoma tangazo lolote, na pakiti ndogo iwatoshe watoto.

SWALI: Je, kuna aliyewahi kuishtaki kampuni hiyo kwa sababu ya kunenepa?

JIBU: Wapo. Mwaka 2002 kesi ilifunguliwa New York kwa niaba ya vijana wa Bronx. Jaji Robert Sweet aliitupilia mbali mwezi Januari 2003, kwa hoja kwamba anayejua madhara ya kula kupita kiasi hawezi kumlaumu mwuzaji. Mahakama ya rufaa iliifufua sehemu yake mwaka 2005, lakini mwaka 2010 mahakama ilikataa isikilizwe kama kesi ya pamoja ya walaji wote, na tangu hapo haikuwa na nguvu tena.